Nyambui wa El Paso

Kila tukiadhimisha Uhuru hapa Birmingham, watoto wetu hutuuliza: ukisoma ng'ambo, unachezea nchi gani? Basi wamjue Suleiman Nyambui.

Alisoma Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Vyuo vya Marekani huwalipia ada wanariadha hodari. Sisi wauguzi tulijilipia kwa zamu za usiku! Gidamis Shahanga wetu na Mkenya Michael Musyoki walisoma hapo pia, kwa hiyo Kiswahili hakikukosa wasemaji.

Mwaka 1980 Marekani ilisusia Olimpiki ya Moscow, Kenya nayo ikasusia. Tanzania ilikwenda. Nyambui, mwanafunzi wa Marekani, akavaa jezi ya Tanzania na kutwaa medali ya fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Filbert Bayi naye alipata fedha, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mpaka leo hatuna medali nyingine ya Olimpiki.

Mwaka huohuo Nyambui akawa bingwa wa mbio za nyika wa vyuo vikuu vya Marekani, safari hii akiwa na jezi ya El Paso.