Difu ya Nyuma: Kutoka Coventry hadi Matopeni

Mkokoteni wa ng'ombe hauna haja ya difu. Magurudumu yake yanavutwa tu, kila moja linazunguka kivyake, na penye kona, la nje linaongeza mwendo huku la ndani likipunguza. Taabu ilianza pale ekseli yenyewe ilipopewa kazi ya kusukuma. Chukua gari ambalo kati ya tairi la kushoto na la kulia pana mita 1.5. Likikata kona ya nyuzi 90, tairi la nje litatembea takriban mita 2.4 zaidi ya la ndani, kona iwe pana au ya kubana. Ukiyafunga matairi hayo kwenye shafti moja isiyogawanyika, ama mojawapo litaburuzwa ama chuma kitakatika.

Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipata dawa yake mapema mno. Mwaka 1828 alipewa hataza ya gari la mvuke lenye gia za kugawa mzunguko kati ya magurudumu mawili ya nyuma, wakati barabarani bado farasi ndiye mfalme. Karibu miaka 50 baadaye, Coventry nchini Uingereza, tatizo lilirudi kwa njia ya pedali. James Starley, mtengenezaji wa cherehani aliyehamia kwenye baiskeli, inasimuliwa kwamba alikuwa akiendesha chombo cha watu wawili wanaoketi bega kwa bega, yeye na mwanawe. Kijana alikuwa na nguvu kumzidi baba, na chombo kikawa kinakwenda upande tu. Mwaka 1877 Starley aliweka gia katikati ya ekseli, na magari ya petroli yalipokuja yaliikuta tayari.

Gia hizo, ndizo difu yenyewe, hazijabadilika sana. Gia ndogo, pinioni, inazungusha gia kubwa, kraun, nayo kraun inazungusha kikombe kilichofungwa juu yake, na ndani ya kikombe mna vigia vidogo vilivyouma gia mbili, kila moja na shafti yake. Gari likienda moja kwa moja, vigia hivyo vinabebwa tu. Penye kona vinajizungusha, upande mmoja ukapata mwendo zaidi. Madereva wengi husema difu "inapeleka nguvu kwa tairi linaloteleza". Inachopeleka huko ni mzunguko. Nguvu ya kusukuma huigawa sawasawa, nusu kwa nusu, na hapo ndipo balaa lilipo: tairi lililo kwenye utelezi likihitaji nguvu kiduchu ili lizunguke, lile lililo kwenye ardhi ngumu nalo hupewa kiduchu hichohicho. Moja linarusha tope hadi kwenye mabega ya wasukumaji, la pili limesimama kimya.

Waliosumbuka kwanza hadi kutoa fedha nyingi walikuwa watu wa mashindano ya lami. Magari ya Auto Union ya miaka ya 1930, yaliyobuniwa na Ferdinand Porsche, yalikuwa na injini za silinda 16, na tairi la ndani lilikuwa likizunguka bure kila yanapotoka kwenye kona. Porsche aliwaendea ZF, watengeneza gia wa Friedrichshafen, nao wakatengeneza difu inayozuia upande mmoja usiukimbie mwingine. Mwaka 1956 Packard ya Marekani ikawauzia wateja wa kawaida difu ya aina hiyo, yenye pleti za klachi ndani. Ni difu ya kistaarabu, haimshtui dereva. Ila pleti huisha, nayo inataka oili yake maalumu. Ukitia oili ya difu ya kawaida, itanung'unika kila kona.

Wenye malori ya kijeshi hawakuhitaji ustaarabu huo. Kutoka Detroit walipata NoSPIN, iliyoondoa vigia vidogo na kuweka meno makubwa yanayoumana. Matairi yote mawili husukuma muda wote, isipokuwa penye kona: la nje likikimbia zaidi, meno yake huachia kwa mlio wa tak-tak, kisha hushika tena. Mshiko wake kwenye mawe ni wa ajabu. Kwenye barabara ya utelezi iliyolalia upande, kushika huko kwa ghafla kunaweza kukupeleka mtaroni.

Wajerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia walimwachia dereva uamuzi. Unimog, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948 kwa ajili ya wakulima, ikiwa na nafasi kati ya matairi inayolingana na mistari miwili ya viazi, ilikuja na loki, yaani kifaa cha kuzifunga shafti mbili pamoja, katika ekseli zote mbili. Land Rover ilizinduliwa mwaka huohuo bila loki hata moja kwenye ekseli. Hilo halikuizuia kuenea Afrika Mashariki, lakini jembe na matawi ya miti vikawa sehemu ya vifaa vyake: hata magurudumu yote manne yakisukuma, tairi moja la mbele na moja la nyuma yakiteleza, safari imeishia hapo.

Mmarekani Vernon Gleasman alipata hataza mwaka 1958 ya difu isiyo na pleti wala loki, inayotumia gia za skrubu. Ndiyo iliyokuja kuitwa Torsen. Hulipa tairi lenye mshiko nguvu mara kadhaa ya ile inayobebwa na lenzake. Lakini tairi likining'inia hewani halibebi kitu, na mara kadhaa ya sifuri ni sifuri. Ndiyo maana madereva wa Humvee za jeshi la Marekani, zenye difu hiyo, walifundishwa kukanyaga breki kidogo huku wakitia mafuta, ili tairi linaloelea lipate cha kupigana nacho. Mercedes-Benz ML ya 1997 iliiachia kompyuta kazi hiyohiyo ya breki.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya ARB ya Melbourne ilianza kuuza loki ya upepo: kompresa ndogo, mrija mwembamba hadi kwenye difu, na swichi kwenye dashibodi. Ukiibonyeza, shafti mbili zinakuwa moja. Ukiiachia, unarudi kwa Starley. Toyota nao waliweka loki za umeme kwenye baadhi ya Land Cruiser za mfululizo wa 80, na swichi yao ya kuzungusha inaonyesha mpangilio wa wahandisi: huwezi kufunga ya mbele kabla ya ya nyuma. Sababu ni mbili. Gari likipanda mlima, uzito hulalia nyuma. Na matairi ya nyuma hayageuzwi na usukani, hivyo kuyafunga hakuufanyi usukani kuwa mzito kama kufunga ya mbele.

Kwa gari la kazi linalopita lami siku tano na tope siku mbili, mimi ningechukua loki ya swichi, na ya nyuma pekee inatosha. Pleti ziachiwe mwenye barabara ya changarawe na mwendo wa kasi, meno ya Detroit mwenye miamba. Na wewe unayenunua Land Cruiser iliyotumika, usiridhike na taa ya loki kuwaka kwenye dashibodi. Mwambie fundi apige jeki tairi zote mbili za nyuma, gia iwe huru, mkono wa breki ushushwe, afunge loki na kuzungusha tairi moja kwa mkono: la pili likizunguka upande wa kinyume, loki hiyo haifanyi kazi.