Somo la Mbimba

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mliopo shuleni leo,

Nimeombwa kuandika machache juu ya historia ya ufundi katika sehemu zetu za Ihanda. Sikwenda mbali, nimeanzia kwenye mbuni.

Tulipokuwa shuleni miaka ya 1990, ada za wengi wetu zilitoka katika kahawa. Adui wa ada hizo alikuwa chulebuni, ugonjwa unaoozesha tunda likingali bichi. Marehemu baba alipiga dawa kila msimu. Mwaka aliokosa fedha za dawa, mavuno yalianguka, nami nilikaa nyumbani majuma matatu nikingoja ada.

Shuleni nako ufundi tulifundishwa ubaoni. Jiliwa lilikuwapo karakanani, lakini tuliuchora msumeno mara nyingi kuliko tulivyoushika.

Mwaka 2000 ilianzishwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao Lyamungu, Kilimanjaro, na kituo hapa kwetu Mbozi, pale Mbimba. Wadau wa kahawa wenyewe walishirikiana na Serikali kuiendesha. Mwaka 2005 zikatolewa aina chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani.

Hapo ndipo penye somo. Mbegu ya chotara haizai mche unaofanana na mama kwa hakika. Ilibidi wakulima wajifunze kuzalisha miche vikonyo: kutunza bustani mama, kukata kikonyo kwa kipimo, kukiotesha kizimbani chini ya nailoni na kulinda unyevu. Vikundi vilifundishwa kwa vitendo, vikaanza kuotesha miche yao. Utafiti bila mafunzo ungebaki kabatini. Mafunzo bila utafiti yangezidisha mibuni ile ile yenye maradhi.

Taifa nalo limepita njia hiyo. SIDO iliundwa mwaka 1973 kukuza viwanda vidogo, TIRDO mwaka 1979 kufanya utafiti wa viwanda. Sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA iliwaketisha waajiri na wafanyakazi katika bodi moja na Serikali, ili anayefundisha amsikie anayeajiri.

Mimi ni mtumishi wa umma. Nimesoma maombi mengi ya kazi ya vijana wenye vyeti ambao hawajawahi kushika spana. Wakati huo huo malori yanapanga foleni Tunduma yakihitaji mafundi, na mitambo ya kukobolea kahawa iko Mbozi.

Basi natoa hoja. Kila mmoja wetu mwenye gereji, karakana au shamba apokee wanafunzi wawili wakati wa likizo, na mwalimu wa ufundi aje kuwakagua. Majina yaandikwe kabla hatujaagana katika mkutano huu. Mimi nitaanza: shamba la marehemu baba, lenye miche vikonyo, liko wazi.