Mfumo Huria, Umeme Mdogo na Kiswahili: Suala la Kibombo

Miaka ya 1970 ilipojengwa njia kuu ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilometa 1,700 hivi, nguzo zake zilielekezwa kwenye machimbo ya shaba ya kusini. Ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kibombo, mji wa reli ulio kusini mwa Kindu mkoani Maniema, ulikuwa mbali na njia hiyo. Kwa miji ya namna hii, swali la kwanza kuhusu kompyuta ni idadi ya wati inazotumia. Swali la pili, ambalo huulizwa mara chache, ni lugha ambayo kompyuta hiyo inasema.

Jibu la swali la kwanza lilianza kupatikana mbali na Kongo. Mwaka 1983, Richard Stallman alitangaza nchini Marekani mradi wa GNU, uliokusudia kuunda mfumo endeshi ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, alitoa kiini cha mfumo ulioitwa Linux, na mwaka 1992 kiini hicho kikawekwa chini ya leseni ya GNU. Kwa kuwa ruhusa ya kubadili ilikuwa ya wote, mafundi waliweza kuupunguza mfumo huo hadi ukaenea katika mashine ndogo sana. Rwanda ilipoanza kugawa kompyuta za XO shuleni mwaka 2008, zilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 256 tu, nazo ziliendeshwa na Linux. Mwaka 2012 ikatokea Raspberry Pi nchini Uingereza, bamba la ukubwa wa kitambulisho lililotumia wati tatu hadi nne.

Hesabu yake ni nyepesi. Paneli ya jua ya wati 50 ikipata saa tano za jua kali, hutoa wati-saa 250 kwa siku. Kompyuta ya mezani inayokula wati 100 itazimaliza kwa saa mbili na nusu. Bamba dogo pamoja na kioo chake, vikitumia wati 15, vitafanya kazi zaidi ya saa kumi na tano, kabla ya kuondoa sehemu inayopotea katika betri. Usakinishaji nao hauhitaji intaneti mahali pa kazi: mfumo hunakiliwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, kadi ikasafirishwa kwa pikipiki au garimoshi, kisha ikachomekwa. Kadi moja huzaa nyingine kumi bila kuvunja sheria wala kulipa ada.

Hata hivyo, mara nyingi jambo la kwanza ambalo programu ya kusakinisha humwuliza mtu ni lugha yake. Hapa ndipo swali la pili linapojitokeza. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice, ikaitwa Jambo OpenOffice. Ilikuwa hatua kubwa, kwani ilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba kazi za ofisi ndani ya kompyuta. Lakini Kiswahili sanifu kimekopa sana kwa Kiingereza: kompyuta, faili, printa. Mwanafunzi wa Kibombo, aliyesomeshwa kwa Kifaransa, amezoea ordinateur, fichier na imprimante. Kwake yeye, tafsiri hiyo ni lugha yake iliyovaa nguo za jirani.

Hali hii ina asili ya zamani. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo, ijapokuwa Kingwana kilikuwa kimeota mizizi Maniema tangu misafara ya karne ya 19. Mwaka 2007, orodha ya kimataifa ya ISO 639-3 ilikitambua Kiswahili cha Kongo kwa alama yake yenyewe, swc. Alama ilipatikana; istilahi hazikuja pamoja nayo.

Wapo watakaohofu kwamba istilahi za Kongo zitaligawa jina la Kiswahili. Hofu hiyo ina msingi, kwani lugha inayosomwa na wengi hupata vitabu vingi. Lakini leseni huria haimlazimishi mtu kuchagua: inaruhusu faili la maneno la Dar es Salaam libaki lilivyo, na lingine litungwe kando yake Kindu, kisha yalinganishwe. Mwaka 1930, wasemaji wa Maniema hawakuwa na kiti katika kamati. Safari hii hakuna kamati ya kuwazuia, na ruhusa imekwisha kuandikwa ndani ya kila kadi inayofika Kibombo. Wakiinyamazia, watakuwa wamepokea wati chache na kuacha haki iliyo kubwa zaidi.