Kasi Kwanza: Safari ya FORTRAN hadi -O3

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, waliowaandikia wanasayansi programu za hesabu nzito walikuwa watu wa kujivuna, na walikuwa na haki. Waliiamuru mashine kwa lugha yake yenyewe, na hawakuamini kwamba kompaila yoyote, yaani programu ya kutafsiri lugha rahisi kuwa ya mashine, ingeweza kuwafikia. John Backus wa IBM aliwafahamu vizuri. Akileta lugha rahisi inayozaa programu za kukokota miguu, nani angeigusa? Ndiyo maana yeye na kikundi chake, walipoanza kuunda FORTRAN mwaka 1954, hawakuumizwa kichwa sana na sura ya lugha. Nguvu zao zote ziliishia kwenye kasi.

Kikwazo kimoja kilikuwa rejista. Kompyuta waliyoilenga, IBM 704, ilikuwa na tatu tu za kufuatilia nafasi za namba kwenye jedwali. Zikijaa, lazima mojawapo iachiwe, na ikiachiwa ile inayohitajika kila mara, muda unateketea. Kwa hiyo kompaila iliigiza kwanza mwendo wa programu kwa bahati nasibu, mtindo wa Monte Carlo, ili ikadirie ni kipande gani kitapitiwa mara nyingi zaidi. Sehemu hiyo aliiandika Lois Haibt. Mwenye programu naye aliweza kunong'oneza makadirio yake kwa amri ya FREQUENCY, ambayo baadaye iliachwa.

Aprili 1957, maabara ya Westinghouse-Bettis, karibu na Pittsburgh, ilipokea kompaila hiyo kama bunda la kadi zipatazo 2,000, bila maelezo yoyote. Wakajaribu. Jibu la kwanza la kompaila lilikuwa lawama: koma imesahauliwa!

Katika miaka ya 1960, FORTRAN H, kompaila ya kompyuta za IBM System/360, ilimwachia mtumiaji achague ngazi ya kusaka kasi: OPT=0, 1 au 2. Kadiri unavyopanda, kompaila huchukua muda mrefu zaidi na makosa huwa magumu kuyasaka. Kompaila ya GCC, aliyoitoa Richard Stallman mwaka 1987, nayo ina ngazi zake: -O1, -O2, -O3.

Hatari halisi, kwa maoni yangu, iko pembeni ya ngazi hizo, kwenye swichi ya GCC iitwayo -ffast-math. Chukua 10^20, toa 10^20, ongeza 1: unapata 1. Anza kwa kujumlisha -10^20 na 1, na ile 1 inamezwa, kwa kuwa kompyuta hutunza tarakimu 16 hivi. Jibu ni 0. Swichi hiyo huiruhusu kompaila kupanga upya hesabu itakavyo. Mwaka 1965 William Kahan alitoa mbinu ya kuokota vipande vinavyodondoka namna hiyo. Kompaila yenye ruhusa hiyo huitazama hatua yake ya kusahihisha, huona kwa aljebra ni sifuri, na huifuta.

GCC haikuiweka -ffast-math ndani ya -O3. Lakini toleo la 4.6, la mwaka 2011, lilileta -Ofast, ambayo huiwasha bila kuuliza.