Waliokula Tulipu

Mwongozaji aliponiuliza nimekuja kuona nini, nilimjibu: kitunguu. Alinitazama kidogo, kisha akacheka. Wageni wote wanaomkodi mwezi wa Aprili, alisema, wanataka maua tu. Wapigwe picha katikati ya matuta mekundu na ya njano, jioni wawe wamesharudi Amsterdam. Mimi nilikuwa nimelipia gari dogo na mwongozaji wa peke yangu, kwa bei ambayo sikumtajia mtu nyumbani, kwa sababu basi la watalii halipiti ninakotaka kupita. Nilitaka kufuata njia ya kitunguu cha tulipu tangu kilipoota mizizi Uholanzi: Leiden kwanza, kisha Haarlem, mwisho Lisse. Kwa gari ni kama kilomita 50. Kwa miaka ni zaidi ya 400.

Mimi ni mtoto wa Naivasha. Mama alifanya kazi ya maua miaka mingi, akisimama kutwa katika banda la kupangia waridi kwa urefu wa shina, ya sentimita 40 huku, ya 50 kule, ya 60 pembeni, na usiku yakapanda ndege kwenda Uholanzi. Utotoni nilidhani Uholanzi ni jina la soko. Nilipomwambia naenda kuona bustani za tulipu, akauliza ua hilo linaota wapi, nikamwambia linaota kwenye kitunguu. "Kinaliwa?" akauliza. Sikuwa na jibu la haraka.

Leiden kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Bustani ya mimea ya chuo kikuu, Hortus Botanicus, iko nyuma ya jengo kuu la chuo, kando ya mfereji wa Rapenburg. Ilianzishwa mwaka 1590, na miaka mitatu baadaye akaletwa mzee wa miaka 67 kuisimamia: Carolus Clusius, mzaliwa wa Arras, aliyewahi kutunza mimea ya mfalme mkuu huko Vienna. Kazi ya mikono ilifanywa zaidi na Dirk Cluyt, mwuza dawa kutoka Delft. Masika ya mwaka 1594, tulipu alizokuja nazo Clusius zikachanua Leiden, na Waholanzi wengi huanza kuhesabu historia ya ua lao hapo.

Ua lao, lakini si la kwao. Kwao ni milima ya Asia ya Kati, Tian Shan na jirani zake, ambako bado linaota porini, fupi, jekundu, petali zimechongoka kama mkuki. Waturuki walilipenda wakaliita lale, wakalipanda katika bustani za masultani wa Istanbul. Hata jina tulipu limetokana na kutosikilizana. Balozi wa Ulaya katika kasri la Sultan Suleiman, Ogier Ghiselin de Busbecq, aliandika kwamba Waturuki wanaliita tulipan. Hawakuliita hivyo. Inaelekea mkalimani alisema tu kwamba ua limefanana na kilemba, nguo ambayo Waturuki waliita tülbend, na balozi akachukua mfano akaufanya jina. Basi Ulaya ikalivika ua kilemba lisichokiomba. Baadaye, kama nitakavyoeleza, litavikwa kingine, cha ukoka.

Katika kipande cha bustani kilichopandwa upya kwa kufuata kumbukumbu za Clusius, vitalu ni vidogo, na kila mmea umepewa nafasi yake kama mgonjwa katika wodi. Nilichuchumaa mbele ya tulipu moja ya porini iliyofika chini kidogo ya goti langu. Isingekuwa kibao ningeipita. Mwongozaji, mama wa miaka sitini na kitu aliyezaliwa katika ukoo wa wakulima wa vitunguu vya maua, alisimama nyuma yangu ameshika chupa ya chai. "Watu husikitika wanapoiona," alisema. "Wanadhani ingekuwa kubwa."

Clusius mwenyewe ndiye aliyeacha kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1562, mfanyabiashara mmoja wa Antwerp alipokea shehena ya vitambaa kutoka Istanbul, na ndani yake akakuta vitunguu. Akavichukulia kuwa chakula. Baadhi akavichoma kwenye makaa, akavitia mafuta na siki, akala. Vilivyobaki akavichimbia bustanini, kati ya kabichi na mboga nyingine, vikawa vinakufa kwa kutotazamwa, mpaka mpenda mimea wa Mechelen, Joris Rye, alipookoa vichache. Sina la kumcheka yule bwana. Mama yangu angefanya vivyo hivyo, tena angeongeza nyanya.

Clusius hakuwa mfanyabiashara. Vitunguu vyake aliwagawia marafiki wasomi kwa barua, na waliotaka kununua aliwapa taabu. Wezi wakaingia bustanini usiku, zaidi ya mara moja, wakamchimbia mali yake. Alikufa mwaka 1609, na kufikia hapo tulipu ilikuwa imeshatoka mikononi mwa wasomi.

Kutoka Leiden tulipita Lisse bila kusimama, jambo lililomkera mwongozaji, maana kwa dereva yeyote mwenye akili Lisse iko katikati. Nilisisitiza Haarlem kwanza. Historia haikusimama Lisse.

Katika makumbusho ya Frans Hals mna mchoro wa Jan Brueghel Mdogo, wa mnamo 1640, unaoonyesha nyani wakifanya biashara ya tulipu. Wamevaa kama matajiri wa Kiholanzi. Mmoja anapima vitunguu, mwingine anahesabu fedha, wengine wako mezani wanakula na kunywa. Tupa jicho upande wa kulia: nyani mmoja anazikojolea tulipu, mwingine yuko mbele ya hakimu kwa madeni, na kwa mbali mmoja anapelekwa kaburini. Mwongozaji alisema watoto wa shule huanza kumtafuta yule anayekojoa. Na mimi nilianzia kwake.

Kilichowatia wazimu matajiri wale ni michirizi. Tulipu ya rangi moja inaweza, mwaka mmoja bila onyo, kuchanua na ndimi nyekundu juu ya nyeupe kama moto uliomwagwa. Hakuna aliyejua kwa nini. Iliyosifiwa kuliko zote, Semper Augustus, ilikuwa ya namna hiyo, na vitunguu vyake vilikuwa vya kuhesabu. Mwaka 1928 ndipo Dorothy Cayley, mtafiti wa Uingereza, alipoonyesha kwamba michirizi ile ni maradhi ya kuambukiza. Ni kirusi, nacho huenezwa na vidukari. Kitunguu kilichoambukizwa hudhoofika, hakizai watoto wengi, na ndiyo sababu kikaadimika na kupanda bei. Walikuwa wananunua ugonjwa.

Biashara yenyewe ilifanyika katika vilabu vya pombe, na kila mapatano yalitozwa kidogo, pesa ya mvinyo. Tulipu huchimbuliwa Juni na kurudishwa ardhini vuli. Kwa hiyo majira ya baridi ya 1636, mali iliyokuwa ikiuzwa ilikuwa imelala chini ya udongo. Mnunuzi hakukiona kitunguu, na muuzaji mara nyingi hakuwa nacho. Kilichopita mkono kwa mkono ni karatasi ya ahadi. Waholanzi wenyewe waliiita biashara ya upepo. Nilikumbuka mnada wa Aalsmeer, kilomita chache kutoka hapo, ambako waridi nyingi za Naivasha huuzwa: bei huanzia juu, hushuka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mnunuzi. Lakini Aalsmeer ua lipo, limesimama ndani ya ndoo yenye maji.

Wiki ya kwanza ya Februari 1637 wanunuzi wa Haarlem waliacha kununua, na habari ikaenea. Kinachonishangaza ni kwamba wiki hiyohiyo, tarehe 5 Februari, mji wa Alkmaar uliuza kwa mnada tulipu za marehemu Wouter Winkel kwa ajili ya yatima wake, zikaleta gilda 90,000. Kitunguu kimoja cha aina ya Viceroy kilifika gilda 4,203, wakati fundi stadi alipata gilda 300 hivi kwa mwaka mzima. Miaka kumi na minne ya jasho kwa kitu cha kutosha kiganjani. Siku chache baadaye hakuna aliyetaka kusikia bei za namna ile. Mwaka uliofuata Haarlem iliamua kwamba mnunuzi anaweza kuvunja mapatano kwa kulipa asilimia 3.5 ya bei, na wengi wakamaliza ugomvi hivyo.

Hapa ndipo kilemba cha ukoka kinapokuja. Tumesomeshwa kwamba taifa zima lilifilisika. Mwanahistoria Anne Goldgar, katika kitabu chake cha 2007, alipekua kumbukumbu za mahakama na mawakili, na hakumpata hata mtu mmoja aliyefilisika kabisa kwa sababu ya tulipu pekee. Waliocheza mchezo ule walikuwa wafanyabiashara na mafundi wenye uwezo, wengi wao wakifahamiana. Hadithi za maangamizi zilitoka katika vijitabu vya mahubiri na kejeli, na Charles Mackay, mwandishi wa Uingereza, akazitia chumvi mwaka 1841. Yeye ndiye anayesimulia habari za baharia aliyekuta kitunguu kwenye meza ya tajiri, akadhani ni kitunguu cha kawaida, akakila pamoja na samaki wake, akatupwa jela. Hadithi tamu, na haina ushahidi. Zaidi ya hayo, mwongozaji wangu aliniambia, mtu aliyewahi kuonja tulipu mbichi hawezi kuimaliza akidhani ni kitunguu. Nikamuuliza amejuaje.

Alinijibu tulipokuwa barabarani kurudi Lisse, dirisha likiwa wazi, harufu ya hayasinti ikiingia nzito kama udi. Mama yake alikuwa na miaka sita Haarlem wakati wa Majira ya Njaa, 1944 kuingia 1945. Wafanyakazi wa reli walikuwa wamegoma kwa amri ya serikali yao iliyokuwa uhamishoni, Wajerumani wakalipiza kwa kuzuia chakula kwenda magharibi mwa nchi, halafu mifereji ikaganda na mashua zikakwama. Zaidi ya watu 20,000 walikufa. Katika mabanda ya wakulima kulikuwa na vitunguu vya tulipu vilivyokosa soko kwa sababu ya vita, vikavu, vimejaa wanga. Madaktari walitoa maelekezo: menya ganda la kahawia, pasua katikati, toa kichipukizi cha njano maana kina sumu, kisha chemsha, au saga unga wa mkate. Mama yake alimwambia ladha ilikuwa kama ya unga wa mbao uliolowa, na koo lilikwaruza mpaka kesho yake. Bibi yake ndiye aliyekuwa akipasua. Mtoto alipewa kazi ya kutoa vichipukizi kwa ncha ya kisu na kuvihesabu, ili kusiwe na kimoja kilichobaki sufuriani.

"Kwetu hakuna aliyeweka tulipu mezani," alisema. "Tulizilima. Hatukuziweka mezani."

Tulisimama kwenye shamba moja. Ardhi hapa ni mchanga wa matuta ya kale ya bahari, na maji ya mifereji hudhibitiwa yasipande wala kushuka, ili mizizi inywe na kitunguu kisioze. Mtu mmoja alikuwa akitembea katikati ya matuta amejiinamia, macho chini. Kila baada ya hatua kadhaa anang'oa mmea mzima, kitunguu na yote. Hufanya kazi ya kutafuta ugonjwa. Ua lolote lenye mchirizi usiostahili hutolewa kabla vidukari havijalifikia na kuambukiza jirani. Aliloling'oa mbele yangu lilikuwa jekundu lenye ndimi nyeupe. Karne nne zilizopita lingempa nyumba mjini.

Na shamba zima lenyewe halikuwa na siku nyingi. Mkulima hapa hauzi maua, anauza vitunguu, kwa hiyo maua yakishachanua na kukaguliwa hupita mashine na kuyakata vichwa yote, nguvu irudi chini. Shamba la jirani lilikuwa limeshakatwa. Petali zimelala kati ya matuta zikibadilika rangi, na mashina ya kijani yamesimama bila kitu juu.

Keukenhof, bustani ya maonyesho ya tulipu hapo Lisse, tulifika saa tisa alasiri. Sitaieleza sana, picha zake zimejaa kila mahali, na kwa kweli inapendeza kuliko picha. Hekta 32, vitunguu milioni 7 vinavyopandwa kwa mkono kila vuli, wiki nane za kufunguliwa, kisha vyote vinachimbuliwa. Wakulima waliianzisha mwaka 1949, miaka minne tu baada ya njaa ile, ikafunguliwa kwa watu mwaka 1950. Jina lake lina maana ya bustani ya jikoni, kwa sababu zamani, enzi za Bibi Jacoba van Beieren katika karne ya 15, mboga na viungo vya ngome yake vilitoka hapa. Mwongozaji alikaa benchi akanisubiri. Alisema ameshaiona.

Ukitaka kwenda, nenda katikati ya Aprili, siku ya kazi, asubuhi mapema kuliko mimi. Sikununua vitunguu. Kuingiza mimea Kenya kunahitaji kibali, na tulipu huhitaji majuma 12 au zaidi ya baridi kali kabla haijachanua. Naivasha ingebidi ilale kwenye friji. Nilipiga tu picha ya pakiti moja dukani nikamtumia mama. Nyuma yake, kwa herufi ndogo na kwa lugha nne, wameandika kwamba si chakula.