Petroli Nyingi, Hewa Haba: Habari za Kabureta katika Mbio za Safari

Atiaye kuni nyingi mno mafigani, asiache nafasi ya upepo kupita, hapati moto ila moshi. Kuni zateketea na chungu hakichemki. Ndivyo ilivyo motokaa ambayo kabureta yake imezidisha petroli. Ekzosi hutoa moshi mweusi, plagi hupakwa masizi, harufu ya petroli husikika kabla gari halijafika, na mlimani hukosa nguvu ingawa limekunywa kuliko siku zote.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya. Kwa uzito, petroli 1 yataka hewa karibu 15 ili iungue sawasawa. Miongoni mwa kabureta mashuhuri ni ile iitwayo SU, iliyobuniwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na ndugu wawili, George Herbert Skinner na Thomas Carlyle Skinner, wa jamaa ya wauza viatu. Kampuni yao ilianza mwaka 1910. Za kwanza zilikuwa na mfuko wa ngozi ndani yake kama mivukuto ya mhunzi (twadhani duka la viatu halikukosa ngozi), na baadaye mfuko ukaondolewa ikatiwa pistoni ya madini. Injini ivutapo hewa, pistoni hupanda na kuinua sindano iliyochongoka. Sindano yakaa katika tundu liitwalo jeti. Kadiri ipandavyo, ndivyo petroli nyingi zaidi ipitavyo kando yake.

Basi nchi yetu ya Afrika ya Mashariki iliijaribu kabureta kwelikweli, kwa sababu ya milima yake. Apandaye kutoka Masasi kwenda Newala aona tofauti kidogo tu. Lakini atokaye Mombasa, penye bahari, akafika Nairobi, amepanda zaidi ya mita 1,600, na hewa ya huko imepungua uzito kwa karibu 15 katika 100. Petroli haipungui kwa kiasi hicho hicho. Hivyo gari lililopimwa vizuri pwani huzidisha petroli likifika juu, wala hakuna kilichovunjika.

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kwa ukumbusho wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Vumbi, matope na milima vilikuwa mtihani kwa gari na kwa fundi pia. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo PV544 iliyokwisha tumika, yenye kabureta mbili za SU. Joginder mwenyewe alikuwa fundi, nasi twaona jambo hilo lilimfaa sana kuliko gari jipya.

Kisha zikaja Datsun 240Z za Japani, magari ya mbio ya watu wawili, silinda 6, lita 2.4. Zile zilizouzwa madukani zilikuwa na kabureta mbili za Hitachi, zilizofuata mfano wa SU. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mwaka 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews, walilingana alama na Harry Källström aliyeendesha Datsun ya namna nyingine. Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi bila kosa. Majina ya madereva yameandikwa. Mafundi waliongoja njiani na spana zao, wachache tu wajulikana.

Hata leo, wenye kutunza magari hayo ya zamani hupatwa na ugonjwa ule ule, na wengi hukimbilia kugeuza nati iliyo chini ya jeti. Huko ni kuharakisha. Fundi mwenye akili hutazama kwanza chujio la hewa, maana lililojaa vumbi huinyima injini pumzi. Hutazama boya, kwani likikaa juu mno, au likitoboka na kuzama, petroli hufurika. Hutazama choki: katika kabureta hizi choki huivuta jeti chini, na mara nyingi jeti hukwama huko isirudi, dereva asijue. Hutazama pia kama sindano imelilia tundu upande mmoja, kwa kuwa tundu lililopanuka haliponi kwa kugeuza nati.

Hayo yakiwa mema, injini ikisha pata moto, huinua pistoni kidogo sana, kama unene wa ukucha, akasikiliza. Injini ikiongeza mwendo na kuendelea hivyo, petroli imezidi; ikitaka kuzima, petroli ni haba; ikipanda kitambo kidogo kisha ikatulia, imekaa sawa. Ikiwa imezidi, huipandisha nati kidogo kidogo, kabureta zote mbili kwa kipimo kimoja, akijaribu tena kila mara. Na gari lishukapo pwani hana budi kuirudisha nati pale ilipokuwa, kwani hewa ya Mombasa ni nzito, na petroli iliyotosha Nairobi haitoshi huko. Injini yenye njaa hupata joto kupita kiasi, na valvu zake huungua.