Gedi, mji uliohamwa na wakaaji wake

Wahami wengi kutoka Masisi na Walikale wanaulizana ni nini watakuta kijijini wakikawia kurudi. Leo tuwapeleke mbali kidogo, Gedi, kwenye pwani ya Kenya karibu na Malindi. Kiswahili tunachosema kilitoka upande huo wa bahari, kikaingia Kongo pamoja na misafara ya karne ya 19.

Wakati huo Gedi ilikuwa imekwisha kugeuka pori kwa miaka 200 na zaidi. Ulikuwa mji wa Waswahili, wenye msikiti mkubwa, jumba la mfalme na nyumba za mawe ya matumbawe. Kaburi moja lina tarehe iliyochorwa juu yake, sawa na mwaka 1399. James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu mwaka 1948, alizipa nyumba majina ya vitu vilivyopatikana ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma. Mabakuli mengine yalitoka China. Hawa hawakuwa watu maskini.

Waliondoka juu ya nini? Wataalamu wanataja mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini, Wareno walioharibu biashara, na maji. Kisima kando ya msikiti kilichimbwa tena, chini zaidi, alama kwamba maji yalikuwa yanawakimbia. Kwangu mimi kisima hicho kinasema mengi: mtu anayetaka kuhama hachimbi kisima chake upya. Kirkman aliona pia kwamba watu waliwahi kuondoka, kisha wachache wakarudi na kujenga ukuta wa ndani, wakizunguka sehemu ndogo tu ya mji. Mwanzoni mwa karne ya 17 wakauacha kabisa.

Vijiji vya jirani leo ni vya Wagiriama, waliofika baadaye. Wanalima, na tangu mwaka 1993, katika mradi wa Kipepeo, wanafuga vipepeo wa msitu wa Arabuko-Sokoke na kuwauza ng'ambo kabla hawajaota mabawa. Mwaka 2024 UNESCO iliandika Gedi kuwa urithi wa dunia.

Ila wakaaji wengi wa Gedi hawakuwa na nyumba za mawe. Walilala katika nyumba za miti na udongo, sawa na zetu za Masisi. Hizo mgeni hazioni. Mahali pake miti imeota, na chini kuna vipande vya vyungu.